Dohani Inashuka

6 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama umpe shikamoo yake. Nimefika salama. Nimepata chumba nyuma ya kiwanda, kitanda cha chuma na dirisha moja lisilofungika vizuri. Chakula kipo. Mguu wa Mama unaendeleaje? Ule mto mdogo anaopenda kuuwekea mguu niliuona nyuma ya kochi siku naondoka, nikasahau kukuambia. Uko kule ukutani, nyoosha mkono utaupata.

Najua unashangaa kupokea karatasi. Simu yangu nimeiacha kwako makusudi, kwenye droo ya chini ya cherehani, chini ya vitambaa. Usimpe mtu aniletee. Ningekuambia mapema ungenizuia, ungesema nitakupataje. Utanipata hivi hivi. Dereva wa lori linalobeba matofali hapa hupita mtaani kwenu kila akishusha mzigo, ameahidi kubeba barua kwenda na kurudi. Ni mtu wa maneno mengi na tumbo kubwa, mpe chai.

Kazi yenyewe ni hii. Kiwanda kilifungwa zamani, mwenyewe ameuza kiwanja, sasa ule mnara wa kutolea moshi, wenyewe wanauita dohani, unatakiwa uondoke. Haulipuliwi wala hausukumwi na mashine, maana nyumba za watu zimeubana kila upande. Kwa hiyo unashushwa kwa mikono kuanzia kileleni, tofali moja moja. Zima linateremshwa kwa kapi ndani ya ndoo, likauzwe. Lililovunjika linatupwa ndani ya dohani yenyewe. Juu tuko wawili, mimi na mtu mzima mmoja tunayemwita Redio kwa sababu akishawaka asubuhi hazimwi.

Leo matofali niliyotoa hayakujaza ndoo moja. Mikono imechubuka hadi kalamu inaniuma. Nataka kuacha, Dada. Nakuandikia ili nisiache.

Miaka miwili nimelala kwenye kochi lako nikipanga matunda ya rangi kwenye kioo cha simu, na hukuniambia kitu. Natamani ungeniambia.

Mdogo wako


20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku tu wazima. Mto wa Mama tumeupata, pamoja na soksi zako tatu ambazo hakuna hata mbili zinazofanana. Dereva wako amekunywa chai vikombe vinne na kumaliza mkate niliowawekea watu wawili. Ukinitumia mgeni mwingine wa namna hiyo, mfungashie na gunia la unga.

Mama nimemwambia uko stoo, unapokea mizigo. Usije ukaandika vingine kwa herufi kubwa, maana barua anataka asomewe na mimi naruka mistari. Amefurahi. Amesema stoo ni pazuri, kuna kivuli.

Dereva alitaka kunionyesha urefu wa hiyo dohani kwa mkono, akaishia kuangalia dari, kisha akasema dari haitoshi. Wewe hukuniambia urefu. Niambie, na uniambie umefungwa na nini huko juu.

Umesema sikukuambia kitu. Ningekuambia nini? Nikitoka naacha kisogo chako na mwanga wa simu, nikirudi nakuta kisogo kile kile. Niliogopa nikikugusa utaondoka kwa hasira na usirudi. Nimekaa naogopa hivyo miaka miwili, na umeondoka hata hivyo.

Simu nimeiona. Nimeichaji tu, betri isije ikafa. Ukichoka rudi, kochi bado lipo.

Dada yako


15 Machi

Dada,

Shikamoo, na asante kwa shati. Mikono yake umeipima vizuri, sijui umejuaje kwamba nimejaa mabegani. Redio amelisifu hadi nimeona aibu. Anasema dada mwenye cherehani ni bahati kuliko mke mwenye duka. Mwambie Mama huku stoo pana kivuli kweli, asubuhi.

Ngoja nikueleze ninachokifanya, maana hakuna mwingine wa kumweleza, Redio anakijua tayari. Chokaa iliyoshika haya matofali imekuwa jiwe. Huwezi kupiga tu. Unaanza na tindo chini ya tofali, taratibu, halafu ubavu wa kushoto, halafu wa kulia, na muda wote unasikiliza. Tofali lililoshikwa likigongwa linajibu kavu. Likianza kuachia, sauti inafunguka. Ukiharakisha linapasuka katikati, na Redio anakuangalia kama umemwaga maziwa ya mtoto. Ukilisubiri, linakaa mkononi zima, zito, lina baridi upande mmoja na joto upande wa jua. Juzi nimetoa moja lenye alama ya kidole gumba cha aliyelifyatua. Nimeweka kidole changu juu yake, kikaenea.

Jioni siwezi kushika kijiko, na bado ninalala nikitabasamu. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho kitu kilinikataa nikakaa nacho mpaka kikanikubali. Ule mchezo wa simu haukuwahi kunikataa, ulikuwa unanisifu hata nikikosea.

Kuhusu urefu, sijapima. Mkanda upo.

Mdogo wako


9 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko stoo. Mama anakusalimu, mguu umepungua kuvimba ingawa ngazi bado zinamshinda. Nimechelewa kukujibu, ni msimu wa sare za shule, unaujua. Nimeshona kola hadi nikaziota.

Niliuliza mambo mawili, umenijibu nusu ya moja. Sawa. Mkanda upo, lakini ni wa nani? Dereva anasema ameona mmoja tu umetundikwa pale chini.

Nilipanda kwenye lori nikaangalia matofali yako. Nilitaka kuona ulichokuwa unakisema. Yana chokaa nyeupe imeng'ang'ania kingoni, nikajaribu kuibandua kwa kisu cha jikoni, kisu kikapinda. Mwashi wa nyumba ya nyuma alikuwa anapita, yule mzee aliyejenga nusu ya mtaa huu na kugombana na nusu nyingine, akasimama akaliangalia moja, akasema aliyejenga pale alijua kazi. Kutoka kwake hiyo ni sherehe. Nilijisikia vizuri, kama vile ni mimi niliyelitoa. Nakuonea fahari, mdogo wangu, nakuandikia ujue.

Halafu ule mchezo wako wa matunda, nimeufungua kidogo nione ni kitu gani kilikuwa kinakula akili yako. Ni ujinga mtupu. Unapanga, yanapasuka, unapigiwa makofi. Nimeshangaa sana mtu mzima kukaa nao.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Shikamoo kwenu wote wawili. Barua yako nimeisoma juu kabisa, nikiwa nimekaa ukingoni, na pale penye fahari nimeparudia mara nyingi. Redio aliniuliza kama ni barua ya mchumba.

Mkanda ni mmoja, ndiyo. Anauvaa anayeinama nje. Tunapokezana, na Redio ni mwangalifu kuliko anavyoongea.

Dohani inashuka. Sasa tunaona madirisha ya nyumba za jirani kwa usawa, mwanzo tulikuwa tunaona mabati tu. Mama mmoja ghorofani ametuzoea, anaanika nguo na kutupungia. Redio anapiga hesabu za mjukuu. Binti yake atajifungua kabla mwezi wa saba haujaisha, na ameshachagua majina kama kumi, yote ya kwake mwenyewe yakiwa yamegeuzwageuzwa.

Nimemwomba anifundishe kujenga tutakapomaliza kubomoa. Amesema anayejua kulitoa zima atajua kuliweka. Siku kazi ni ngumu sana hatuongei, hata yeye. Tunasikia tindo mbili tu na upepo. Dada, nina furaha. Naogopa hata kuiandika.

Mdogo wako


30 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Sisi tupo. Samahani, dereva amepita bila barua yangu, akapita tena, mikono ilikuwa imejaa. Mguu wa Mama uko vile vile. Wateja wamekuwa wasumbufu siku hizi, mmoja amekuja kuchukua kitambaa chake kikiwa hakijakatwa, eti amesubiri sana. Wa pili akamfuata. Watu hawana subira.

Dereva ameondoka bila chai, sikuwa nimewasha jiko.

Ile hatua ya matunda yenye barafu uliipitaje? Nauliza tu.

Dada yako


12 Juni

Dada,

Shikamoo, na Mama salamu zake. Barua yako ilikuwa fupi, nikaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi. Kuhusu barafu, sikuipita. Toka humo, Dada. Nakuomba. Mimi najua mlango wake wa kuingilia na sijui wa kutokea ulipo, ndiyo maana nilikimbia.

Sasa nina jambo, nisaidie leo leo.

Tumefika katikati ya dohani, na hapa rangi imebadilika. Kuna mkanda mweusi umezunguka, kama mtu aliwahi kupatengeneza upya. Tangu tuuguse kazi imekuwa rahisi. Matofali yanatoka kwa mkono. Tindo siitumii. Ukiligonga tofali halijibu chochote, ukilivuta linakuja. Msimamizi amefurahi mno, anasema tutamaliza kabla ya muda. Redio anapanda na simu, anatazama mpira miguu ikining'inia, kwa sababu kazi ya siku inaisha kabla jua halijawa kali. Ananiambia nami nikae, nipumzike, nitazame.

Sina raha, Dada. Kilichonipinga miezi yote hii hakiwezi kunikubali ghafla bila sababu. Nikisema hivyo msimamizi anasema chokaa ni kuukuu tu, nishukuru. Redio anasema nimezoea mateso hadi nayatamani. Labda ni kweli. Ndiyo maana nataka neno la mtu anayejua.

Humu ndani ya bahasha nimefunga kikaratasi chenye hiyo chokaa. Ifungue polepole, ni unga. Mpelekee yule mwashi wa nyuma, aishike. Muulize kama tuendelee. Akisema si neno, nitapanda kwa moyo mmoja. Akisema vingine, nitakuwa na la kumwambia msimamizi. Dereva nimemwambia ni ya haraka, na namsubiri yeye na jibu lako.

Mdogo wako


24 Juni

Dada,

Lori limekuja, barua hakuna. Nimemuuliza dereva, kazungumza habari za tairi. Labda mwashi amesafiri.

Redio alinipa simu yake nikupigie. Nilipoishika nikagundua sijui namba yako kwa kichwa, wala ya mtu yeyote. Zote zilikaa kule kwenye droo. Redio alicheka hadi akakohoa.

Jana tofali lilitoka lenyewe, chini ya tunapofanyia kazi, hakuna aliyeligusa. Tulisikia tu limefika chini. Upepo ukivuma, unga unamiminika ndani, unasikika kama mtu anapepeta nafaka. Mstari huu Mama asisomewe.

Nijibu hata neno moja.

Mdogo wako


5 Julai

Mdogo wangu,

Usipande. Popote barua hii itakapokukuta, usipande, na aliye juu ashuke.

Nimezisoma barua zako mbili kwa pamoja leo asubuhi. Zilichelewa kunifikia, sijui lori lilikuwa na matatizo gani. Nimekwenda kwa mwashi bila kufunga hata kanga vizuri. Ameuweka unga wako kiganjani, akausugua, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Amesema hapo waliotengeneza walitia mchanga mtupu wakapaka rangi. Chokaa hakuna. Kinachoshika matofali hayo ni uzito wa yaliyo juu yake tu. Kila mnalolitoa mnapunguza uzito, na kila mkipunguza yanaachia zaidi. Akaniuliza mmeshatoa mangapi. Nikasema sijui. Akakaa chini kwenye kizingiti, yule mzee ambaye hajawahi kukaa mbele yangu.

Anasema asipande mtu. Kwanza mfunge vyuma kuzunguka dohani yote, chini ya mkanda mweusi na juu yake, na jukwaa lijengwe la kujitegemea, lisiegemee ukuta. Hapo ndipo mtoe, taratibu, na itakuwa ngumu tena. Amesema hivyo mwenyewe, ikirudi kuwa ngumu ndiyo salama.

Dereva yuko hapa, nimemtoa kitandani. Amempigia msimamizi wenu mbele yangu. Simu inaita, haipokelewi. Amepiga tena. Anasema si kawaida yake, ni mtu wa kupokea hata akiwa anakula. Nimemwambia aondoke sasa hivi na lori tupu, ameshawasha injini, anasubiri nimalize barua hii. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Dada yako


11 Julai

Dada,

Barua yako ninayo. Namba nimeiona nyuma ya bahasha, sikupiga. Ningepiga nisingemaliza sentensi.

Dohani ilianguka tarehe nne, asubuhi, kabla ya chai. Ilikunjika pale kwenye mweusi ikaingia ndani yake yenyewe. Nyumba za watu hazikuguswa, na kila anayepita hapa anasema ni bahati. Nimechoka kusikia hilo neno.

Mimi sikuwa juu. Tangu lile tofali lilipotoka lenyewe nilikataa kupanda. Msimamizi hakugombana, alinipeleka uani kusafisha matofali, akamwambia Redio kazi iliyobaki ni ya mtu mmoja. Nilimwomba Redio asipande. Nilimwomba kila asubuhi. Aliniuliza nani kasema ni hatari. Nikasema hajasema mtu, ni mikono yangu tu inajua. Akasema mikono yako imekosa tindo, ipe muda. Nikamwambia nimetuma kwa mwashi, nasubiri neno lake. Hapo hakucheka. Alisema neno la mwashi likija atashuka, yeye na mwashi hawabishani. Kila lori lilipoingia aliniita kutoka juu aniulize kama limekuja.

Tulimtoa jioni. Alikuwa na mkanda, kwa kuwa mimi sikuuhitaji tena. Binti yake amefika, hajajifungua bado.

Kimebaki kisiki, chini ya mkanda mweusi, na chokaa yake ni ile ngumu. Kinatakiwa kishushwe. Wengine wamekataa. Nimeomba nikishushe mimi, kwa vyuma na jukwaa kama mwashi alivyosema, na safari hii msimamizi ameandika kila alichoambiwa. Sijui mwaka huu utaisha lini. Nataka kuchoka. Nataka kila tofali linikatae.

Mama umwambie unavyoona.

Nijibu jambo moja. Barua yangu ya tarehe kumi na mbili uliipata lini? Nauliza kwa sababu ya dereva. Anaapa aliifikisha kwa wakati, na mimi nimemwita mwongo mbele ya watu wote. Jana nilimkamata shingoni, wakanitoa. Hapa hakuna anayekula naye sasa, na msimamizi anatafuta dereva mwingine. Kila nikimwona nakumbuka namna Redio alivyokuwa akiita. Sitamsamehe.

Mdogo wako


19 Julai

Mdogo wangu,

Umeniuliza jambo moja, nakujibu hilo.

Dereva mwache. Mtafute leo, umwombe radhi mbele ya hao hao uliomtukana mbele yao, na barua hii uwasomee kama hawatakuamini.

Barua yako aliniletea tarehe kumi na nne Juni, mchana, mkononi. Nilikuwa nimekaa hapa kwenye kochi na simu yako, nimebakiza matunda machache kuvuka ile barafu. Sikuinuka. Nilimwambia aiweke juu ya cherehani nitaisoma baadaye, na ile ya pili alipoileta nikamwambia aiweke juu ya hiyo hiyo. Lori halikuchelewa hata siku moja. Nilikudanganya kwa kalamu hii hii.

Hakuondoka mara moja. Alisimama pale mlangoni na kofia mkononi, akasema umemwagiza aniambie ni ya haraka, ya mtu aliye juu. Akarudia.

Nilimsikia.

Dada yako